Shule Tatu za Injinia Kirchev

Stamen Kirchev alirudi Varna, mji wa bandari nchini Bulgaria, siku ya Jumatano, wiki moja kabla ya Pasaka, baada ya miezi saba baharini. Alipanda ngazi mpaka ghorofa ya nne, begi begani, akakuta mlango haujafungwa kwa ufunguo. Sebuleni binti yake alikuwa amepiga magoti sakafuni, mguu wa bibi yake umelala juu ya mapaja yake, anamkata kucha.

"Zori," aliita.

"Subiri, Baba. Bado vidole viwili," mtoto alijibu bila kuinua kichwa.

Jina lake kamili lilikuwa Zornitsa, na alikuwa na miaka kumi na miwili. Bibi Donka, aliyekuwa amekaa kwenye kochi na mguu wake mapajani mwa mjukuu, alikuwa mama wa marehemu mke wa Stamen. Alihamia kwao miaka minne nyuma, bintiye Milena alipofariki, ili amlee mjukuu baba akiwa kwenye meli. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Lakini Stamen alipoangalia vizuri aliona mkongojo umeegemezwa ukutani, kipimo cha sukari mezani, na karatasi iliyobandikwa kwenye friji yenye saa za sindano za insulini, zimeandikwa kwa mwandiko wa mtoto. Jikoni sufuria ya maharage ilikuwa inachemka, na hakuna mtu mzima aliyeibandika.

Habari zilimfikia kidogo kidogo, jioni ile na kesho yake. Bibi Donka alianguka bafuni mwezi wa Januari, akavunjika nyonga. Macho nayo yalikuwa yamepungua nguvu, hata vipimo kwenye sindano hakuweza kuvisoma. Zori alijifunza kuchoma insulini kwa kumtazama nesi mara mbili. Alipika, alifua, alikwenda duka la dawa. Alikosa shule siku kumi na tisa, na kila mara alijiandikia mwenyewe barua ya udhuru na kutia sahihi ya bibi yake, sahihi nzuri kuliko ya mwenyewe.

"Kila nikipiga simu mnaniambia mko salama!" Stamen alisema.

"Tulikuwa salama," alijibu Bibi Donka. "Tungekwambia ungefanya nini, mkwe? Ungeigeuza meli?"

Alikuwa injinia mkuu wa meli ya kubeba gesi, na mtu wa namna hiyo hashuki njiani.

Stamen alizaliwa kijijini nyuma ya mji wa Provadia, baba yake fundi wa matrekta ya ushirika. Alipofika miaka kumi na minne alipelekwa shule ya ufundi wa meli, ya bweni. Walilala wavulana thelathini na wawili katika ukumbi mmoja. Maji ya moto yalitoka Jumamosi tu, tena kwa wale waliowahi. Majira ya baridi ya mwaka wa kwanza wakubwa walimnyang'anya blanketi, akalala na koti lake mpaka Machi, na hakuna mtu mzima aliyepita kuona nani amefunikwa na nani hajafunikwa. Hakumwambia baba yake. Alitoka pale na ufundi mzuri na mazoea ya kukaa kimya.

Kiingereza hakufundishwa na mtu. Alikiokota kwenye vitabu vya mitambo na vibandiko vya pampu, kikamtosha kwa mashine, si kwa watu. Siku moja, akiwa bado injinia wa pili, mfanyakazi mmoja wa kupaka mitambo mafuta, Mfilipino aitwaye Rodel, alikuwa ameingiza mkono kwenye pampu. Katikati ya kelele za injini Rodel alimwambia asubiri. Stamen alisikia maneno, akadhani anaambiwa tayari. Akawasha. Rodel alipoteza vidole viwili na nusu ya cha tatu. Uchunguzi ukasema kifuniko cha pampu kilikuwa kimechakaa, hakuna aliyelaumiwa, na Rodel akarudishwa kwao kwa ndege. Stamen hakumsimulia mtu kisa hicho, hata Milena.

Kwa hiyo siku ya tatu nyumbani alikaa mezani na kompyuta, akatafuta shule ya kimataifa yenye bweni na kutwa. Bweni, ili mtoto aangaliwe badala ya kuangalia. Kimataifa, kwa sababu ya lugha. Ada ingekula sehemu kubwa ya mshahara, lakini mtu anayekaa baharini miezi saba hana pengine pa kuutumia.

"Mimi sina shida hapa," Zori alisema alipoambiwa.

"Hujaulizwa kama una shida," alidakia bibi yake. "Mkwe, tafuta. Ila nakuomba, usichague shule kama ulivyochagua ile mashine ya kuoshea vyombo."

Mashine hiyo Stamen aliiagiza kwa picha akiwa baharini. Ilipofika haikupita mlango wa jikoni, na mpaka leo imesimama kwenye varanda, imejaa vitunguu.

"Ndiyo maana safari hii nakwenda kuangalia kwa macho," alisema. "Na Zori anakwenda nami."

*

Shule ya kwanza ilikuwa karibu na Sofia, mji mkuu, mwendo wa saa sita kwa gari. Zori alisikiliza muziki njia nzima. Getini walipokewa na mwanamke mchangamfu aitwaye Bi Iveta, afisa wa kupokea wanafunzi, aliyevaa viatu vyeupe na kutembea haraka kama anayeogopa kuulizwa. Aliwaonyesha bwawa la kuogelea. Aliwaonyesha farasi sita. Aliwaonyesha ukumbi wenye piano mbili na ukuta wenye bendera za nchi arobaini na moja.

"Una swali, Bwana Kirchev?"

"Ninalo. Boila ya kuchemshia maji iko wapi?"

Bi Iveta alicheka, akidhani ni utani. Alipoona mgeni hacheki, akasema boila huangaliwa na kampuni ya nje, na funguo hana.

"Basi tupande bwenini, ghorofa ya juu kabisa."

Walipanda. Vyumba vilikuwa vizuri, vya watoto wawili wawili, na mazulia. Stamen aliingia bafuni, akafungua bomba la maji ya moto, akaweka kidole chini yake, akatazama saa yake ya mkononi. Dakika ya kwanza maji yalikuwa baridi. Ya pili, baridi. Zori alisimama mlangoni akiwa mwekundu mpaka masikioni.

"Baba, unaniaibisha."

"Dakika moja tu."

Dakika nne zikapita na maji hayakupata hata uvuguvugu. Bi Iveta alieleza kwamba wiki ya likizo huwa wanapunguza moto, jambo ambalo pengine lilikuwa kweli. Wakati wa kushuka walikutana na msichana wa bweni anayepanda na vitabu, umri wa Zori au kumzidi kidogo. Stamen alimsimamisha kwa upole.

"Binti, tumbo likikuuma usiku unamwita nani?"

Msichana alimtazama Bi Iveta kwanza, ndipo akamtazama Stamen. "Nampigia Mama," alisema. "Yuko Dubai."

Stamen alimshukuru Bi Iveta kwa muda wake, wakaondoka bila kunywa kahawa waliyoandaliwa.

Shule ya pili ilikuwa kwenye mji wa milimani, na huko mambo yalikuwa tofauti. Fundi mwenyewe aliwapokea, akawapeleka chini bila kuombwa mara mbili. Zilikuwa boila mbili, moja ya kazi na moja ya akiba, mabomba yamevikwa vizuri yasipoteze joto, kila vali na kibandiko chake, sakafu safi kiasi cha kulia chakula juu yake. Stamen alizunguka taratibu, mikono nyuma, kama mtu aliye makumbusho. Akauliza huduma ya mwisho ilifanyika lini. Fundi akamletea daftari. Tarehe zote zilikuwepo. Stamen alijikuta anatabasamu.

Wakati yeye yuko chini, Zori aliachwa kwenye ukumbi wa chakula pamoja na wanafunzi. Alipewa sahani ya kuku na wali, akakaa kwenye meza ya watu kumi. Wale kumi walizungumza lugha yao moja, wakacheka mambo yao, wakamaliza, wakaondoka. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Hakuna aliyemwambia hata "pisha".

Stamen alirudi na fomu mkononi. "Hii shule ni ya watu makini," alisema ndani ya gari. "Nimeona kwa macho yangu. Nadhani tutasaini."

Zori alitoa spika za muziki masikioni. "Baba, umeipenda boila."

"Boila inasema mengi kuhusu..."

"Basi ioe."

Stamen alisimamisha gari pembeni ya barabara. Alikuwa tayari kukaripia, ila kicheko kilimtoka kabla ya karipio, na mtoto naye akacheka, mara ya kwanza tangu baba yake arudi. Ndipo Zori akamsimulia habari za meza ile. Alizisimulia kavukavu, bila kulalamika, na Stamen aliyatambua mazoea hayo, kwa sababu yalikuwa yake mwenyewe. Aliikunja fomu akaitia kwenye kisanduku cha gari.

*

Shule ya tatu aliiweka mwisho kwa sababu ilikuwa karibu mno na ndogo mno. Ilikuwa kijijini, dakika ishirini na tano kutoka Varna, katika jengo lililokuwa zamani nyumba ya mapumziko ya wafanyakazi wa reli. Wanafunzi wengi walikuja asubuhi na kurudi jioni kwa basi, na waliolala pale walikuwa hamsini na kitu, wasichana thelathini na mmoja. Bwawa hakuna, farasi hakuna. Kulikuwa na uwanja wa mpira wa wavu, bustani ya nyanya, na mbwa mzee asiyebweka.

Matroni wa bweni la wasichana aliitwa Bi Penka Vitanova, mama mnene mwenye miaka hamsini na tano hivi, aliyekuwa nesi wa wodi ya watoto. Alimpa Zori mkono kwanza, baba baadaye.

"Tungependa kuona vyumba," Stamen alisema.

"Ataona yeye. Wewe utabaki hapa."

"Mimi ndiye baba yake."

"Baba wa huyu mmoja. Huko juu wako thelathini na mmoja. Juu hapandi mwanamume."

Damu ilimpanda Stamen. "Bi mkubwa, shule zote nilizokwenda wamenionyesha vitanda. Nyinyi mnaficha nini?"

Bi Penka hakuinua sauti. "Na wewe hukujiuliza vitanda hivyo wameshaonyeshwa wanaume wangapi?"

Katika maswali yote aliyoyaandika Stamen kwenye daftari lake, na yalikuwa kurasa tatu, hilo halikuwemo.

Bi Penka alimwita msichana mmoja wa darasa la tisa, kutoka nchi ya Jojia, aitwaye Salome, akamkabidhi Zori. Stamen alielekezwa kwa mtunza jengo, Mzee Gancho, ambaye alimpeleka kwenye boila. Ilikuwa boila ya miaka thelathini, ina viraka huku na huku, na vali moja ilikuwa inadondosha maji kwenye kopo la rangi.

"Inakohoa," alisema Stamen.

"Inakohoa, lakini haijalala kitandani," alijibu Mzee Gancho. "Kama mimi."

Stamen alivua koti. Aliomba spana, wakaikaza vali pamoja, ikaacha kudondosha. Lakini hakujidanganya. Mtambo ule ulikuwa na majira mawili matatu ya baridi ya kuishi, na katika mojawapo ungemsaliti mtu. Aliandika hivyo kwenye daftari.

Zori alirudi baada ya dakika arobaini. Stamen alitaka kumuuliza mambo mengi, akamuuliza moja tu: "Eh?"

"Kuna friji ya dawa," mtoto alisema. "Ina kufuli. Nimemuuliza Bi Penka ufunguo anabaki nao nani siku ya mapumziko yake. Amenionyesha daftari la kupokezana."

Stamen alimtazama binti yake kana kwamba ndiyo kwanza anatambulishwa kwake.

Mchana ulifuata usaili kwa mwalimu mkuu, Bwana Noone, Mwailandi mrefu aliyekaa Bulgaria miaka kumi na moja bila kuzoea kwamba Wabulgaria wakisema ndiyo hutikisa kichwa na wakisema hapana hukiinua. Alimuuliza Zori kwa Kiingereza kama anapenda hesabu. Zori akatikisa kichwa kwa nguvu. Bwana Noone akaanza kumfariji kwamba si kila mtu anazipenda, mpaka Bi Penka, aliyekaa pembeni, akamgusa kiwiko. Kiingereza cha Zori kilikuwa cha shule ya kawaida, kifupi, lakini hakikuwa na woga.

Kisha Bwana Noone akamgeukia baba. "Na wewe, Bwana Kirchev, kwa nini shule ya kimataifa?"

Stamen angeweza kujibu kwa Kibulgaria, maana Bi Penka alikuwepo kutafsiri. Hakujua mwenyewe kwa nini alijibu kwa Kiingereza.

"Mimi," alianza, "mashine, najua. Lugha, hapana. Iko mtu, Rodel. Yeye anaweka mkono, pampu. Yeye anasema..." Akakwama. Akamtazama Zori, akamuuliza kwa lugha yao: "'Usiwashe bado' wanasemaje?"

Zori akampa maneno.

"Yeye anasema hivyo. Mimi nasikia vingine. Mimi nawasha." Stamen aliinua mkono wake wa kulia, akakunja vidole viwili, kisha nusu ya kidole cha tatu. "Wanasema, si kosa langu. Lakini..." Akakwama tena. "Zori, 'ningejua' wanasemaje? Kama, 'ningejua lugha'?"

Zori hakuwahi kukisikia kisa hiki. Alimtazama baba yake mkononi, halafu usoni, ndipo akamgeukia mwalimu mkuu na kumalizia sentensi mwenyewe, polepole, kwa Kiingereza chake kifupi: kwamba baba yake angejua lugha vizuri, yule mtu angekuwa na vidole vyake, na kwamba baba hataki hilo limpate yeye.

Bwana Noone akasema nafasi ipo, wakienda nyumbani wafikirie.

*

Nyumbani ndipo ugomvi ulipoanza. Zori alisema shule ni nzuri, Salome ni mzuri, Bi Penka ni mkali ila ni mzuri, lakini yeye haendi.

"Kwa nini?" Stamen aliuliza.

"Nani atampima Bibi sukari? Nani atamchoma sindano ya jioni? Wewe mwezi wa tisa hupo."

"Tutatafuta mtu."

"Mtu hajui kwamba Bibi anadanganya. Anasema amekula wakati hajala."

Bibi Donka alikuwa anamenya kiazi kwa kukipapasa. Aliweka kisu chini. "Mimi nadanganya?"

"Jumanne ulidanganya."

"Haya, nilidanganya. Sasa nisikilize nikwambie lisilo la uongo. Mimi nimezaa, nimelea, nimemzika mwanangu. Nilikuja hapa kukupikia wewe. Sasa wewe unanipikia mimi, unaniogesha, unanikemea kama mtoto, na ukitoka shule unakimbia nyumbani kabla wenzako hawajafunga mikoba. Unadhani hilo linanifurahisha? Huwa nasikia wenzako wanacheza huko chini uani. Wewe sikusikii, kwa sababu uko hapa, unanihesabia vidonge."

"Bibi..."

"Nataka mjukuu. Nesi sitaki. Nesi nitatafutiwa."

Zori alilia, tena kwa hasira, akajifungia chumbani. Stamen alinyanyuka amfuate, mkwe wake akamvuta mkono wa shati.

"Muache. Naye ana haki ya kubamiza mlango. Miezi yote hii hakuwahi kubamiza hata mmoja."

Asubuhi mtoto alitoka na masharti, ameyaandika kwenye karatasi. Kila Ijumaa atarudi nyumbani. Baba akiwa Varna, yeye hatalala bwenini, atakwenda na kurudi kama wanafunzi wa kutwa. Na mwanamke atakayekuja kumwangalia Bibi, atamhoji yeye kwanza.

Stamen aliyapeleka masharti shuleni. Bwana Noone alisema kanuni zina wanafunzi wa bweni na wanafunzi wa kutwa, hazina wa nusu huku nusu kule. Bi Penka alisema kitanda kitakuwa cha mtoto, alale asilale, na shuka atabadilisha mwenyewe. Wakakubaliana wajaribu muhula mmoja.

Wanawake watatu walikuja kuhojiwa na Zori mezani jikoni. Wawili hawakujua kwamba sindano haichomwi sehemu ileile kila siku. Wa tatu, Bi Stoyna, jirani wa ghorofa ya pili aliyestaafu kiwanda cha nguo, alikiri kwamba hajui chochote kuhusu sindano ila yuko tayari kufundishwa. Zori alimchagua huyo.

*

Mwanzo haukuwa mwepesi. Mwezi wa tisa Stamen aliondoka, na wiki za kwanza Zori alimpigia Bi Stoyna simu mara tano kwa siku kuuliza sukari, mpaka Bi Penka akamwekea mpaka: asubuhi mara moja, jioni mara moja. Mtoto akamsusia siku tatu. Kwenye muhula wa kwanza alikuwa wa mwisho katika kusoma Kiingereza, na hesabu zake hazikumsaidia kitu mezani wakati wa chakula, ambapo alikaa karibu na Salome na kusema machache. Wakati wa likizo ya Krismasi Bibi Donka alimuuliza kama anataka kuacha. Akasema hapana, bado hajajua kama anaichukia.

Mwezi wa Februari boila ilikufa. Siku mbili nzima, nje theluji, wasichana walihamishiwa darasa moja lenye jiko la kuni. Stamen alipata habari akiwa Ghuba, akamwandikia mwalimu mkuu barua kali ya kurasa mbili yenye mchoro. Jibu alilipata kutoka kwa binti yake: "Baba, usimwandikie tena. Bi Penka alilala mlangoni kwenye kiti siku zote mbili. Tulicheza karata, nikawashinda wote. Mzee Gancho anasema mchoro wako ni mzuri, na vali aliyoiagiza ni ileile uliyochora." Stamen aliisoma mara kadhaa kwenye chumba cha injini. Ndani yake mlikuwa na neno "tulicheza", na hilo hakulitegemea.

Kiangazi, aliporudi, Zori alimuuliza ghafla wakiwa njiani kutoka sokoni kama aliwahi kumwandikia Rodel.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ningemwandikia nini?"

Walimwandikia pamoja, mezani jikoni, mchana kutwa. Stamen alisema, Zori akaandika, na mara mbili alimkatalia baba yake neno kwa kuwa lilikuwa la kujitetea. Anwani ilikuwa ya zamani, waliipata kwa kampuni. Jibu halikuja, na barua haikurudishwa pia.

Mwaka wa tatu, Zori akiwa na miaka kumi na mitano, Stamen alikataa mkataba mpya. Karakana ya kutengeneza meli pale Varna ilikuwa inatafuta msimamizi, mshahara mdogo kuliko wa baharini, lakini jioni mtu analala kwake. Hakuwaambia mpaka aliposaini. Alinunua banitsa ya moto, mkate wa matabaka wenye jibini, asubuhi ya Jumamosi, wakakaa wote watatu, akatangaza: sasa amerudi moja kwa moja, na kwa masharti aliyoyaandika mwenyewe Zori, kuanzia mwezi wa tisa atakuwa mwanafunzi wa kutwa. Atamwendesha mwenyewe asubuhi, atamfuata jioni.

Zori alitafuna polepole. "Baba, yale masharti niliyaandika nikiwa mdogo."

"Maana yake?"

"Maana yake nataka kubaki bwenini. Siku za wiki. Salome anamaliza, Bi Penka ameniambia nichukue nafasi yake ya kupokea wapya. Kuna mmoja anakuja kutoka Moldova, ana kisukari."

Stamen alimtazama mkwe wake, akitumaini msaada. Bibi Donka, ambaye macho yake sasa yaliona vivuli tu, alikuwa anatafuta kipande cha pili cha banitsa kwa ncha za vidole.

"Usinigeukie mimi," alisema. "Shule ulichagua wewe."

Ilimuuma. Siku mbili alizunguka nyumba akikaza vitu visivyolegea. Siku ya tatu alimpigia Bi Penka kumwambia kitanda kiendelee kuwa cha Zornitsa, na Bi Penka akajibu kwamba kilikuwa hakijapewa mtu.

Kuanzia hapo, jioni za wiki Stamen na Bibi Donka walikula wawili, redio ikiwa wazi, wakibishana kuhusu chumvi. Ijumaa saa tisa alasiri alitoka karakanani mapema, akanawa grisi mpaka viwikoni, akaendesha kwenda kijijini. Kwa kawaida alifika kabla ya wakati, akaegesha karibu na bustani ya nyanya, akashusha kioo, akasubiri.